Mganga Dutton, Aliyezikwa Kasongo

Maji ya mto Luvua hayakai mahali pamoja. Yanatoka katika ziwa Mweru, yanapita Kiambi katika nchi ya Manono, na huko Ankoro yanaingia katika mto mkubwa Lualaba. Kutoka hapo yanakwenda kaskazini, yanapita Kabalo na Kongolo, yanateremka katika nchi ya Maniema, na baada ya safari ndefu sana yanapita Boma na kuingia baharini. Upande wa kulia wa mto, huko Maniema, uko mji wa Kasongo. Wazee wa zamani waliujua mji huo, maana ulikuwa mji wa Tippu Tip na wenzake, waliofanya biashara ya pembe na ya watumwa.

Katika mji huo, tarehe 27 Februari 1905, alikufa mganga mmoja Mwingereza. Jina lake Joseph Everett Dutton. Alikuwa na miaka 30 tu. Waganga wa dunia nzima wanalijua jina lake, hata kiko kijidudu kimoja kinachoitwa kwa jina hilo. Lakini katika nchi aliyofia, watu wengi hawajasikia habari zake. Basi tuzisome.

Dutton alizaliwa tarehe 9 Septemba 1874 huko Bebington, karibu na Liverpool, mji wa bandari. Siku zile meli nyingi za Liverpool zilikwenda Afrika na kurudi zimejaa mafuta ya mawese, pembe na mpira. Zilirudi vile vile na wagonjwa. Mabaharia na makarani waliokwenda Afrika wakiwa wazima walirudi wamekonda, ngozi manjano, wanatetemeka kwa homa. Na wengi hawakurudi kabisa. Waganga wa Ulaya hawakujua homa hizo zinatoka wapi. Wengine walisema zinatoka katika hewa mbaya ya mabwawa.

Kijana Dutton alisoma uganga katika mji huo huo wa Liverpool, akamaliza mwaka 1897. Mwaka uliofuata, 1898, ilifunguliwa huko shule ya kuchunguza magonjwa ya nchi za joto. Aliyetoa fedha za kwanza alikuwa mwenye meli mmoja tajiri, Alfred Jones. Tusidhani kwamba tajiri huyo alitoa fedha kwa huruma peke yake. Watu wake walikuwa wanakufa, na mfu hapakii mzigo. Lakini Mungu aweza kutoa jema hata katika hesabu za mfanya biashara, na shule hiyo imefaa watu wengi ambao Jones hakuwafikiria kamwe.

Mwalimu mkubwa wa shule hiyo alikuwa Ronald Ross. Yeye, mwaka 1897, alipokuwa India, alikuwa ameona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Habari hiyo iligeuza fikira za waganga wote. Kumbe mdudu mdogo anayelia usiku karibu na sikio ndiye anayechukua ugonjwa kutoka kwa mtu mmoja na kumpa mwingine! Dutton alilishika neno hilo kwa moyo wote. Tangu siku hiyo kazi yake ikawa kuwatazama wadudu wadogo na damu ya watu.

Mwaka 1900 shule ilimtuma Nigeria pamoja na waganga wengine wawili, kuchunguza malaria. Mwanzo wa mwaka 1901 mwenzao mmoja, Walter Myers, alikufa Brazil kwa homa ya manjano alipokuwa anaichunguza homa hiyo hiyo. Shule iliweka nafasi ya kazi kwa ukumbusho wake, ikampa Dutton. Alijua basi ni kazi ya namna gani aliyoipokea.

Mwaka huo huo wa 1901 alitumwa Gambia, Afrika ya magharibi, akafika mji wa Bathurst, ambao leo unaitwa Banjul. Alikwenda kutafuta mahali mbu wanapotagia mayai. Lakini hospitalini alimkuta mganga wa mji, Forde, mwenye shida. Forde alikuwa na mgonjwa Mzungu, nahodha wa meli ya mtoni. Mtu huyo alishikwa na homa, ikaondoka, ikarudi. Dawa ya kwinini haikumfaa hata kidogo. Tena Forde alipotazama damu yake katika darubini ya kukuzia vitu vidogo, aliona kitu kama minyoo midogo sana inayojinyonganyonga kati ya chembe za damu. Hakujua ni nini.

Dutton alitazama, akakitambua. Kilikuwa tripanosoma. Ni kijidudu chembamba kama samaki mdogo, chenye utando ubavuni na mkia kama uzi. Waganga walikuwa wamekwisha kukiona katika damu ya ng'ombe na farasi. David Bruce, mwaka 1895, katika nchi ya Wazulu, alionyesha kwamba kijidudu cha namna hiyo chaua ng'ombe, na kwamba mbung'o ndiye anayekichukua. Lakini hakuna aliyejua kwamba mtu naye aweza kuwa nacho na kuugua. Dutton alikipa jina la nchi aliyokionea, tripanosoma ya Gambia, na jina hilo linatumika mpaka leo.

Hapa liko jambo la ajabu kidogo. Dutton alikuwa amemshika mwizi, lakini hakujua bado ni mwizi gani. Alidhani ameona homa mpya tu. Hakujua kwamba kijidudu hicho ndicho kinacholeta ugonjwa wa usingizi, ambao watu wengine huuita malale. Alirudi Senegal na Gambia mwaka 1902 pamoja na rafiki yake John Lancelot Todd, kijana kutoka Kanada. Walipima damu ya watu zaidi ya 1,000, na waliokuwa na tripanosoma hawakufika 10. Ilionekana ni ugonjwa wa watu wachache.

Wakati ule ule, mbali upande wa mashariki, Uganda ilikuwa inalia. Kwenye ufuko wa ziwa Viktoria, katika Busoga na visiwani, watu walikuwa wanasinzia mchana, wanakonda, wanakufa, mpaka vijiji vikabaki na majani. Kwa miaka michache walikufa zaidi ya watu 200,000. Mwaka 1903 waganga waliokuwa huko, Castellani na Bruce, walionyesha kwamba ndani ya maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa hao mna tripanosoma, na kwamba mbung'o wa kando ya maji ndiye anayeichukua. Hapo mambo mawili yakakutana. Kijidudu cha nahodha wa Gambia na usingizi wa Busoga vilikuwa vya jamaa moja.

Sasa kila mtu aliuliza habari za Kongo.

Kongo wakati ule ilikuwa mali ya mfalme Leopold wa Pili wa Wabelgiji. Ugonjwa wa usingizi ulikuwapo tangu zamani karibu na mdomo wa mto, lakini sasa ulikuwa unapanda. Mapadre wa Scheut walikuwa wamejenga misheni kando ya mto, karibu na mahali Kasai inapoingia katika Kongo. Iliitwa Berghe-Sainte-Marie. Watoto waliokusanywa pale walikufa mmoja mmoja kwa usingizi, na mwisho misheni ikabidi kuachwa. Mfalme aliiomba shule ya Liverpool itume waganga. Mwezi wa Septemba 1903 Dutton, Todd na mwenzao Christy walipanda meli.

Walianza Boma na Matadi, wakakaa miezi mingi Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, halafu mwaka 1904 wakapanda mto kwa meli na mitumbwi, kituo kwa kituo, kijiji kwa kijiji. Christy alikuwa amewaacha na kurudi. Wakabaki wawili, na masanduku yao, na darubini.

Jambo la kwanza walilotaka kujua ni hili: wagonjwa ni wangapi? Swali hili laonekana rahisi. Ukifika kijijini, si unauliza tu? Mkubwa wa kijiji atakuonyesha wagonjwa, nawe utawahesabu.

Lakini sivyo. Ugonjwa huu una hatua mbili. Mbung'o akimwuma mtu na kumtia vijidudu, vijidudu vinakaa kwanza katika damu na katika tezi. Mtu anapata homa, kichwa kinamwuma, viungo vinamwuma, mwili unamwasha. Lakini siku nyingine yu mzima. Analima, anavua samaki, anasafiri. Hali hii yaweza kukaa miezi mingi, hata miaka. Ni baadaye tu vijidudu vinapoingia katika ubongo. Hapo usingizi unageuka: mchana mtu analala na chakula mkononi, usiku anakaa macho. Anakuwa mkali bila sababu, au anachekacheka, au hawatambui ndugu zake. Asipopata dawa anakufa.

Watu walimwita mgonjwa yule tu aliyefika hatua ya pili. Basi kama kijijini watu watatu wanasinzia, haina maana kwamba wagonjwa ni watatu. Labda wengine kumi wanatembea barabarani na vijidudu katika damu yao, hawajui, na jirani zao hawajui. Na hao ndio wabaya zaidi kwa kueneza ugonjwa. Mgonjwa anayesinzia amelala nyumbani, lakini huyu mwenye nguvu anakwenda mtoni kila siku, mahali mbung'o walipo.

Dutton na Todd walihitaji njia ya kuwajua watu hao upesi. Kupima damu ya kila mtu ilikuwa kazi kubwa mno, tena vijidudu katika damu huwa vichache, siku moja vyaonekana, siku nyingine havionekani. Wakakumbuka jambo la zamani. Mwaka 1803 mganga mmoja, Winterbottom, aliyekaa Sierra Leone, aliandika kwamba wanunuzi wa watumwa walikuwa wakipapasa shingo za watu kwa nyuma kabla ya kuwanunua. Wakikuta tezi zilizovimba, walimkataa mtu huyo, maana walijua atakufa kwa usingizi. Yasikitisha kufikiri kwamba dalili hiyo ilijulikana kwanza kwa watu wabaya, kwa ajili ya faida yao. Karibu miaka mia ilipita kabla waganga hawajaitumia kwa kuponya.

Basi hii ndiyo kazi ya Dutton na Todd katika kila kijiji. Watu walipanga mstari. Mganga alisimama nyuma ya mtu, akaweka vidole vyake shingoni, chini ya sikio na kuelekea kisogo. Tezi za mtu mzima ni ndogo, hazisikiki. Za mgonjwa zinasikika kama punje za maharage zinazoteleza chini ya ngozi. Lakini mvimbo peke yake haukutosha, kwa kuwa hata vidonda vya kichwani na chawa vyaweza kuvimbisha tezi za shingo. Kwa hiyo aliyekutwa na tezi alichomwa kwa sindano nyembamba, tone moja la maji ya tezi likawekwa katika kioo, na darubini ikasema kweli. Njia ya sindano ilikuwa imejaribiwa Uganda mwaka 1904 na waganga Greig na Gray. Dutton na Todd waliipeleka vijijini, wakaifanya kazi ya kila siku.

Mara nyingi kioo kilionyesha tripanosoma katika mtu aliyekuja kwa miguu yake na mzigo kichwani.

Waliandika yote. Kijiji hiki, watu wangapi, wangapi wana tezi, wangapi wana vijidudu, mbung'o wako au hawako. Polepole ramani ikaonekana. Ugonjwa haukutawanyika ovyo kama mvua. Ulifuata njia za watu. Meli za mto ziliuchukua, kwa maana zilisimama kila siku kukata kuni kando ya maji, na mbung'o walizipanda. Wapagazi waliuchukua mabegani pamoja na mizigo. Askari waliuchukua kutoka kambi hata kambi. Mahali ambapo watu hawakutembea sana, ugonjwa ulichelewa kufika.

Na kwa nini watu walitembea hivyo? Lazima niseme, ingawa ni habari ya huzuni. Serikali ya Leopold iliwalazimisha watu kuleta mpira wa porini. Wanaume walikaa siku nyingi msituni, kando ya vijito vyenye kivuli, mahali hasa anapopenda kukaa mbung'o. Mashamba yaliachwa. Vijiji vingine vilikimbia visikutwe na askari. Mtu mwenye njaa na aliyechoka hashindi ugonjwa. Wamisionari wengi waliyaona mateso hayo; Padre Vermeersch, Myezuiti wa Ubelgiji, aliandika kitabu juu yake mwaka 1906, na mwaka 1908 nchi ikaondolewa mikononi mwa mfalme. Mbung'o alikuwapo tangu kale. Lakini hakueneza ugonjwa peke yake.

Mbung'o mwenyewe ni mdudu wa namna ya pekee. Ni mkubwa kuliko inzi wa nyumbani, na akitulia hulaza mabawa yake moja juu ya jingine kama makasi yaliyofungwa. Huuma mchana. Jike na dume wote hunywa damu, si kama mbu, ambaye jike tu ndiye aumaye. Tena hatagi mayai mengi. Jike huzaa buu mmoja tu kwa mara moja, kila siku kumi hivi, na buu huyo hujichimbia katika udongo laini wa kivulini. Mbung'o huzaliwa safi, hana ugonjwa. Ni lazima kwanza amwume mgonjwa, kisha zipite siku ishirini hivi, vijidudu viongezeke na kufika katika mate yake. Ndipo awezapo kumtia mtu mwingine. Kwa hiyo ukiwaponya wagonjwa wote wa kijiji, mbung'o hana mahali pa kuupata ugonjwa. Haya ya siku ishirini Dutton hakuyajua; yalijulikana baada yake.

Mwisho wa mwaka 1904 waganga hao wawili walikuwa Stanley Falls, yaani Kisangani. Huko na katika njia ya kwenda Maniema walikutana na ugonjwa mwingine. Watu waliuogopa sana, wakauita kwa jina la mdudu wake, kimputu. Huko Tanzania mdudu huyo huitwa papasi. Wanafunzi, mwangalieni vizuri kama mkimwona: ana miguu minane, basi hahesabiwi kuwa inzi wala mbu, bali ni jamaa ya kupe na buibui. Hukaa katika nyufa za sakafu ya udongo na za kuta, hasa katika nyumba za wageni kando ya njia. Mchana hujificha. Usiku hutoka, humwuma aliyelala, hushiba, hurudi katika ufa wake. Siku chache baadaye mtu ashikwa na homa kali. Homa yakaa siku chache, yaondoka, mtu afurahi. Baada ya wiki hivi yarudi. Yaweza kurudi mara nyingi.

Wapagazi walisema ni kimputu anayeleta homa hiyo. Wazungu wengine waliwacheka. Dutton na Todd hawakucheka. Waliwakusanya vimputu kutoka katika nyumba za njiani, wakawaacha wawaume nyani. Nyani wakashikwa na homa, na katika damu yao vikaonekana vijidudu vyembamba vilivyopinda kama uzi uliosokotwa. Kisha wakafanya jambo la akili zaidi. Walichukua mayai ya vimputu wagonjwa, wakayaacha yaanguliwe ndani ya chupa, na wale watoto, ambao hawajawahi kuuma mtu yeyote, wakawekwa juu ya nyani mzima. Nao pia walimpa ugonjwa. Yaani, tofauti na mbung'o, kimputu aweza kuurithi ugonjwa kwa mama yake. Kwa hiyo nyumba iliyoachwa yaweza kubaki ya hatari. Wapagazi walikuwa wamesema kweli.

Lakini mtu akiwagusa vimputu kila siku, akilala katika nyumba zao, akipasua nyani waliokufa, yeye mwenyewe yu karibu na hatari. Dutton na Todd wote wawili walishikwa na homa hiyo. Todd alipona. Wakaendelea na safari, wakafika Kasongo mwanzo wa mwaka 1905. Huko homa ilimwangusha Dutton. Hapakuwa na dawa yake wakati ule. Todd, aliyekuwa rafiki yake na mganga wake pia, hakuwa na la kufanya ila kukaa kando ya kitanda. Tarehe 27 Februari Dutton alikufa, akazikwa pale pale Kasongo. Watu wengi walikuja kumzika, na kati yao walikuwapo wagonjwa aliowatunza. Kijidudu cha kimputu kikapewa jina lake.

Todd aliendelea peke yake, akarudi Ulaya mwaka huo huo na vitabu vyote vya hesabu. Mwaka 1906 habari za kazi yao zilipigwa chapa, na katika kila habari aliweka kwanza jina la Dutton, kisha lake. Baadaye alifundisha huko Montreal, katika nchi yake ya Kanada, akafa mwaka 1949.

Serikali ilishika mashauri yao, lakini iliyashika kwa mkono mzito. Watu waliokutwa na tezi walitengwa katika majumba ya wagonjwa, mbali na kwao. Ilikatazwa kusafiri bila cheti cha mganga. Katika majumba hayo masista na wauguzi wengi walijitolea kweli, hata hivyo wagonjwa waliingia na hawakutoka, kwa kuwa dawa ilikuwa hafifu. Vijiji vilijifunza kuogopa vidole vya shingoni. Watu walikimbilia porini walipoona waganga wanakuja, na kwa kukimbia wakaupeleka ugonjwa mahali pengine. Mimi sidhani walikuwa wajinga. Ukiona ndugu yako anachukuliwa na harudi, utaamini namna gani kwamba anasaidiwa?

Ugonjwa ulizidi kupanda. Ulifika ziwa Tanganyika, ukawapiga sana watu wa ufukoni, pande zote mbili za ziwa. Katika Kongo ya mashariki ulikaa miaka mingi kwenye mabonde ya mito.

Dawa zilikuja polepole. Mwaka 1905, mwaka ule aliokufa Dutton, wenzake wa Liverpool walionyesha kwamba dawa moja iitwayo atoxyl yaua tripanosoma. Ilikuwa na sumu. Wagonjwa wengine walipona na wengine wakawa vipofu. Mwaka 1920 mganga mwanamke, Louise Pearce, alileta dawa nyingine kutoka Marekani mpaka Léopoldville, nayo ilifika hata katika ubongo, lakini hiyo pia iliharibu macho ya wengine. Ndipo vikundi vya waganga na wauguzi wakaanza kuzunguka vijijini mwaka kwa mwaka, wakipapasa shingo, wakichoma sindano, wakitoa dawa pale pale badala ya kuwafungia watu mbali. Watu wakaacha kukimbia. Kufika mwaka 1960 ugonjwa ulikuwa karibu kwisha katika Kongo.

Haukuwa umekwisha. Vikundi vikapungua, fedha zikakosekana, vita vikaja. Mwaka 1998 walihesabiwa katika Kongo wagonjwa wapya zaidi ya 26,000, na hao ni wale tu walioonekana, kwa kuwa vijiji vingi havikufikiwa na mtu wa kupima. Hesabu ilikuwa na kasoro ile ile aliyoijua Dutton: asiyetafutwa hahesabiwi. Vikundi vilirudishwa tena barabarani, na tangu mwaka 2018 wagonjwa wanaoonekana katika Afrika nzima hawafiki 1,000 kwa mwaka. Sehemu kubwa yao bado wako Kongo.

Siku hizi kikundi kikifika kijijini, mwuguzi humchoma mtu kidole kwanza, akapima tone la damu. Ikionekana dalili, husimama nyuma yake na kuweka vidole shingoni, chini ya sikio na kuelekea kisogo, atafute zile punje za maharage. Kisha sindano, kioo, na darubini. Mtu akionekana na tripanosoma, wengi hawapelekwi tena mbali na kwao. Tangu mwaka 2018 iko dawa ya vidonge, fexinidazole, iliyojaribiwa hasa katika hospitali za Kongo. Humezwa kwa siku 10 mfululizo, na lazima mgonjwa awe ameshiba kwanza, maana bila chakula dawa haiingii vizuri mwilini.